Joho la Mjomba Fide

Kila mwaka Krismasi inapokaribia, duka moja hapa Woodbridge, Virginia, huweka mlangoni vifungu vya majani makavu ya mkaratusi, watu wanunue wakapambe meza zao. Mimi sinunui. Nasimama tu na toroli langu navuta pumzi, mpaka wanangu wananishika koti na kusema, “Mom, you're doing it again.” Waache waseme. Hawajui kwamba harufu ile ndiyo iliyotupokea mimi na mama yangu siku tuliposhuka kwenye treni Coimbra, mji wa Ureno wenye chuo kikuu cha zamani sana juu ya kilima, na mto Mondego ukipita chini yake. Ilikuwa imenyesha mvua fupi ya kiangazi, na vilima vya pembeni vilivyojaa mikaratusi vilikuwa vikitoa mvuke. Mama aliweka mabegi chini katikati ya njia ya abiria, akafumba macho, akasema, “Neema, hii ni Njombe. Hii ni Njombe kabisa.” Mimi nilizaliwa Virginia na Njombe nilikuwa sijaiona hata siku moja, kwa hiyo niliona haya tu, maana watu walikuwa wakitupita kwa shida na mmoja wao alikuwa na baiskeli.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alibaki nyumbani kwa sababu ya kazi yake ya kuendesha basi la uwanja wa ndege wa Dulles, na mama, aliyekuwa akihudumia wazee majumbani mwao, alikusanya likizo zake zote zikawa wiki tano. Kabla ya hapo alikuwa hajatoka Marekani tangu aingie. Karatasi zake zilikuwa hazijakamilika, na mtu wa namna hiyo akitoka harudi. Katika miaka hiyo bibi yangu, mama yake mzazi, aliugua kule Njombe na akafariki, na mama hakwenda kumzika. Siku ya mazishi alikwenda kazini Oxon Hill kumwogesha bibi wa watu wengine. Aliyekuwa na bibi mpaka mwisho ni mjomba Fide, mdogo wake wa pekee, ambaye baadaye alirudi Coimbra kuendelea na masomo yake ya uhandisi wa madaraja. Kwenye simu mjomba alikuwa na sentensi moja tu: “Alipumzika vizuri, dada.” Ukimuuliza zaidi, mtandao ulikatika. Basi karatasi zilipotoka, watu wote kanisani walidhani mama ataanzia Njombe, kwenye kaburi. Alikataa. Alisema kaburi halijibu swali, na yeye alikuwa na maswali. Hicho ndicho kilichotupeleka Ureno. Minara na mito ilikuja yenyewe.

Wanawake wa kanisani waliposikia tunasafiri walileta mizigo, kama ilivyo desturi yao mtu akionekana na begi. Kwamba tulikuwa tunakwenda Ureno haikuwazuia. Mama Brayo, jirani yetu Mkenya, alileta viatu vya mpira na mafuta ya kupaka. “Si Portugal iko tu hapo karibu na Africa?” alisema. “Utapata tu mtu wa kumpea. Usi-stress.” Mama hakuweza kukataa, hajawahi kuweza. Viatu vile vilikaa Coimbra wiki tano, vikarudi Woodbridge vikiwa vipya, na Mama Brayo akatununia mpaka Pasaka.

Mjomba alitupokea kituoni. Alikuwa mrefu na mwembamba, ana shingo ya mama na masikio ya mama, na mimi nilishangaa kuona uso wa mama kwenye mwili wa mwanaume. Walikumbatiana muda mrefu. Mama alipojitoa ili amtazame vizuri, nikaona mdomo wake unafunguka kutaka kusema jambo, na papo hapo mjomba akanyakua mabegi yote mawili. “Mmechoka? Mlale mapema. Kesho asubuhi tunapanda mnara.” Nilifurahi sana. Sikujua bado kwamba nimeshuhudia jambo litakalorudiwa kila siku. Kila mama alipokaribia kuuliza, mjomba alitutafutia mahali pengine pa kwenda. Nadhani hakuna wageni waliowahi kutembezwa mji ule kama tulivyotembezwa sisi, na yote hayo kwa sababu mtu mmoja alikuwa anakimbia swali.

Tulipanda ngazi ambazo wenyeji huziita za kuvunja mgongo, na mama akasema aliyezipa jina hilo alikuwa mkweli. Tulikwenda kwenye maktaba ya kale ambamo kuta zote zimepakwa dhahabu na vitabu vinalindwa na popo. Usiku popo hao hutoka nyuma ya makabati kula wadudu, na kila jioni mhudumu hufunika meza kwa ngozi ili zisichafuliwe. Mama alimsikitikia yule mhudumu. “Kila siku anasafisha mavi ya popo, na ana tai,” alisema. Tulikwenda nje ya mji kwenye magofu ya Warumi, tukatembea juani kati ya sakafu za vijiwe vya rangi zilizopangwa kuwa farasi na samaki, na mjomba akatueleza mabomba ya maji yalivyopita, tena kwa kirefu, kwa sababu maelezo ya mabomba hayaachi nafasi ya kuuliza habari za marehemu. Kila tulikokwenda mama alibeba chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye taulo. Haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kwenda matembezi na kununua chai. Kwenye foleni ya maktaba aliwagawia chapati Wajerumani wawili waliokuwa mbele yetu, na bibi kizee wa Kireno aliyekuwa akiuza tiketi alipewa shikamoo, mimi nikasukumwa mgongoni nitoe na yangu. Bibi yule hakuelewa hata neno moja, lakini aliitikia kwa kunishika shavu, na nikaona kwamba shikamoo ikisemwa kwa adabu hufika popote.

Siku ya mnara ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri. Mnara una kengele ambayo wanafunzi wa zamani waliiita mbuzi, kwa sababu ililia asubuhi kuwaita darasani nao hawakuipenda. Ngazi zake ni nyembamba na zinazunguka. Mama alifika kwenye dirisha la kwanza akakaa na chai yake. “Nendeni, mtanihadithia.” Juu kabisa, upepo ukinivuta nywele, nikiuona mto wote mpaka kwenye daraja la mbali, kulikuwa na mtembeza wageni akisema Kiingereza. Chini uani walikuwa wanapita wanafunzi wamevaa majoho meusi, marefu, na mengine yalikuwa yamechanikachanika kwenye pindo. Yule mtembezaji alieleza kwamba si umaskini. Mwanafunzi anapomaliza masomo, watu wanaompenda huchana joho lake. Huanza kwa meno na kumalizia kwa mikono. Upande mmoja ni wa ndugu na upande mwingine wa marafiki. Na joho halifuliwi kamwe. Mjomba alikuwa ukingoni akiangalia mto, sijui kama alisikia. Mimi nilisikia kila neno. Nilipofika chini mama aliniuliza nimeona nini, na kwa uvivu wangu wa kusema Kiswahili nikajibu, “It was nice.”

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama aliichukua methali hiyo kama amri. Siku ya tatu hakungoja kupewa. Alilitafuta jembe mwenyewe. Mjomba alipanga chumba kimoja na jiko katika nyumba ya mjane aliyeitwa Dona Graça, na katika wiki mbili mama alikuwa ameshafua mapazia, amebadilisha zipu za suruali tatu, na amesugua sufuria mpaka Dona Graça akaja kuangalia kama ni zile zile. Ndipo asubuhi moja, mjomba ameondoka mapema kwenda kuonana na wasimamizi wake, mama akafunga mlango ili afagie nyuma yake, na hapo nyuma ya mlango, kwenye msumari, akaliona joho.

Alilitungua, akalinusa, akatazama upande, akanusa tena. Miaka sita ya jasho, moshi na mvua. Kisha akaona mipasuko. Upande mmoja ilikuwa mingi, imekwenda hovyo, mingine ya urefu wa mkono wangu. “Jamani Fide,” alisema, na machozi yakamlenga. “Ndiyo maana haniambii kitu. Mdogo wangu anaishi hivi, na wiki ijayo anasimama mbele ya maprofesa.” Usipoziba ufa utajenga ukuta, hiyo ilikuwa methali yake nyingine. Alilitia joho kwenye beseni kubwa la kuogea, akalifua kwa sabuni ya mche, maji yakatoka meusi mara tatu. Akalianika kwenye kamba ya dirishani juu ya kichochoro, jua la Julai likalikausha kabla ya saa saba, kisha akakaa dirishani na uzi mweusi.

Bibi yangu alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na mama alijifunza kwake kushona tundu hata usijue lilikuwa wapi. Kuona vitu vya karibu kulikuwa kumeanza kumsumbua, hivyo kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Hatukuwa na ngazi za kupanda. Mama alishona na kusimulia: jinsi bibi alivyompiga kidoleni kwa rula akishona ovyo, jinsi walivyokula viazi vya kuchoma chini ya meza ya kukatia vitambaa, jinsi mjomba Fide akiwa mdogo alivyomeza kifungo cha shati la mwalimu mkuu. Nyumbani Virginia mama alikuwa mtu wa kurudi amechoka na kulala na soksi. Pale nilikuwa naye peke yangu, mchana kutwa, na alikuwa anacheka.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilikumbuka. Tulikuwa kama nusu ya kazi nilipokumbuka maneno ya yule mtembeza wageni mnarani, nikajua mama anafanya nini. Nilikuwa na sindano mkononi. Nilifikiri, nikisema ataacha kushona, atalia, na siku itaharibika. Nikatunga uzi, nikampa.

Mwisho alifika upande wa pili wa joho, ambako mpasuko ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa mfupi, na haukwenda hovyo. Ulifuata nyuzi za kitambaa moja kwa moja. Mama aliupapasa kwa kidole gumba. “Huyu aliyechana hapa,” alisema, “alikuwa na huruma na nguo.” Akaushona kwa makini kuliko yote.

Dona Graça ndiye aliyeona kwanza. Alipanda kuleta nyanya, akaliona joho limetundikwa, safi, zima, fupi kuliko lilivyokuwa kwa sababu sufu ilikuwa imesinyaa kwa maji ya moto, akaacha nyanya mezani na kufanya ishara ya msalaba. Alisema mengi kwa Kireno, akivuta pindo na kuonyesha meno yake. Mama alidhani anasifiwa, akawa anasema, “Asante, asante, obrigada.” Mjomba aliingia jioni, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilishika joho upande ule wa mpasuko mmoja, akatembeza vidole kwenye pindo kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia, kama mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya mfuko wake mwenyewe. Kisha akasema, “Umeshona vizuri, dada,” akatoka nje. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alizaliwa papo hapo.

Kesho yake tulikuwa tumepangiwa kushuka mto kwa mitumbwi midogo ya plastiki, kutoka kijiji cha juu, Penacova, hadi mjini. Tulikwenda, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kusema tusiende. Mama hakujua kuogelea na alikuwa amevaa jaketi la kuokolea maisha juu ya kitenge. Tulikaa mimi na yeye kwenye mtumbwi mmoja, mjomba peke yake kwenye mwingine. Maji yalikuwa ya kijani, mepesi, yakipita juu ya kokoto nyeupe. Kando kulikuwa na miti iliyoinama na ndege wenye miguu mirefu waliosimama bila kujali matatizo ya watu. Palipokuwa na kasi kidogo mama alimwita Yesu, na palipotulia alimtazama mjomba mgongo. Tulipofika kwenye ufuko mdogo wa mchanga, vijana waliokuwa wakituongoza mtoni wakatuambia tupumzike tule. Mama alifungua chapati zake, akamkatia mjomba nusu, na hakumpa.

“Fide,” alisema. “Nimeshona nguo. Sijaua mtu. Sema.”

Mjomba alikaa kwenye mchanga amekunja magoti. Alieleza kwanza habari ya majoho na meno, na mama akajishika kichwa. Kisha akasema, “Ule wa pembeni, ule mmoja, ni wa mama.” Alikuwa amelibeba joho mpaka Njombe mwaka ule alipoitwa, kwa kuwa alijua bibi hatafika siku ya kumaliza kwake. Bibi alikataa kwanza. Alisema, “Nimeshona maisha yangu yote, leo unaniletea nguo nzima niichane?” Alipokubali, meno yaliyobaki hayakuweza, wakacheka wote wawili mpaka akakohoa. Ndipo akapapasa kitambaa akatafuta uelekeo wa nyuzi, akauma, akachana kidogo tu, akasema inatosha, asije akaonekana fundi mbaya.

Nilimwona mama anatazama kidole gumba chake.

“Na kingine?” aliuliza. “Maana hicho si cha kunificha miaka miwili.”

“Mama alikuwa anakuuliza,” mjomba alisema. “Kila asubuhi. Salome amefika wapi? Nikamwambia uko njiani. Siku ya kwanza nikasema uko uwanja wa ndege Washington. Kesho yake nikasema umefika Amsterdam. Kisha nikakufikisha Dar. Halafu nikakupandisha basi. Jioni ya mwisho nilikuwa nimekufikisha Makambako.” Makambako ni njia panda, saa moja tu kabla ya Njombe. Hilo hata mimi nililijua. “Nilikuwa nimebakiwa na Makambako tu, dada. Sikujua kesho yake ningesema nini. Hakuamka.”

Mto ulipita. Kundi la watoto wa Kireno lilikuwa likirushiana maji. Nilimwogopa mama. Nilitegemea atalia au atampiga mdogo wake kofi, na nadhani mjomba pia alitegemea kofi, maana alikuwa amelegeza mabega.

“Hilo basi,” mama alisema mwishowe, “nilipanda saa ngapi Dar?”

“Saa kumi na mbili asubuhi.”

“Nilikaa dirishani?”

“Mama aliuliza hivyo hivyo. Nikamwambia ndiyo, dirishani.”

“Ningekaa wapi kwingine,” mama alisema, “wakati natapika,” na hapo ndipo alipolia, na mjomba akalia, na wakati wanalia alimpa ile nusu ya chapati. Mimi nikaona kama sitasema sasa sitasema kamwe, nikawaambia, kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule, kwamba mimi nilijua. Nilijua habari ya joho tangu mnarani na nikanyamaza. Walinitazama wote wawili kwa macho yanayofanana. Mama akafuta pua kwa kitenge. “Basi ni wa kwetu huyu,” alimwambia mjomba. “Hana tofauti na sisi.” Sikujua kama nimesamehewa au nimetukanwa. Baadaye maishani nimeelewa kwamba ilikuwa yote mawili.

Kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kunataka jua, hivyo siku mbili zilizofuata tulikaa kwenye bustani ya miti ya chuo, kwenye benchi la jiwe karibu na mianzi mirefu, joho limetandazwa magotini mwetu watatu. Mipasuko ya marafiki ilifumuka bila shida. Mjomba alikuwa na jina la kila mmoja, wenzake waliomaliza kabla yake wakachana kabisa kabla ya kuondoka: huu wa Mbrazili aliyekuwa anaiba mayai yangu, huu wa yule tuliyefeli naye hesabu. Wa bibi haukuonekana. Mama alikuwa ameushona kwa ustadi wote aliofundishwa, na sasa yeye mwenyewe hakuweza kupaona. Alilishika pindo juani, akaligeuza, akaweka miwani, akatoa miwani. Mimi nilifumba macho nikapitisha ncha ya kidole, taratibu, mara nne au tano, mpaka nikahisi tuta dogo, dogo sana. “Hapa,” nilisema. Mama alichukua wembe kwa mjomba na kuufumua mwenyewe. Uzi wenyewe aliuzungusha kwenye kidole, akauweka kwenye pochi yake.

Siku mjomba alipotetea kazi yake mbele ya maprofesa, alivaa joho lililoishia juu kidogo ya magoti, na wenzake walimcheka sana. Hakujali. Alipotoka, uani, juu ya mto, mama alisimama mbele yake na mkoba begani. Aliushika ukingo wa joho karibu na mpasuko wa bibi, akauma. Yeye hakuwa na huruma na nguo. Alichana kutoka pindoni hadi karibu na kiuno, kwa sauti iliyowafanya watalii wageuke, na Dona Graça, aliyekuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, akapiga makofi. Kisha tulikwenda kula samaki wa kuchoma, na mama kwa mara ya kwanza alikunywa chai ya kununua.

Hayo yalikuwa zamani. Siku hizi mimi ni mama wa watoto wawili wanaonielewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza, na Jumamosi nawapeleka kutembea kando ya Potomac, tukakae kwenye nyasi tuangalie boti. Karatasi zetu sote zimekamilika. Mjomba Fide yuko Dodoma, anajenga madaraja, na tunaonana naye kwenye simu kila akipenda, uso kwa uso, hata anaona vumbi kwenye rafu zangu na kulisema. Ukilinganisha na wakati ule wa mama kuzuiwa na karatasi asimzike mama yake, tumefika mbali. Lakini desturi yetu moja haijahama. Mtu akiugua, aliye mbali haambiwi. Asishtuke, yuko peke yake, ana kazi. Moyo wa mama umechoka tangu mwanzo wa mwaka huu. Anapanda ngazi za nyumba yangu kwa vituo, na daktari wake amezungumza nami kwenye korido kwa sauti ya chini. Na mama, mama yule yule, ndiye aliyenishika mkono akasema, “Fide usimwambie. Mwambie naendelea vizuri.” Nikamwambia mjomba hivyo kwa wiki tatu. Nilikuwa hodari.

Jumapili iliyopita mjomba alipiga, akauliza dada hajambo, na nikasikia sentensi ile inakuja mdomoni yenyewe, laini kwa kuzoea. Nikatoka nje kwenye baridi, nikafunga mlango. Nikamwambia yote: moyo, ngazi, korido. Nikamwambia, “Mjomba, njoo. Usingoje likizo.” Hakuuliza swali hata moja. Alikata simu, na saa mbili baadaye akanitumia picha ya tiketi.

Jana asubuhi nilimwambia mama kwamba mdogo wake yuko safarini. Alinitazama kwa muda kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Anajua jinsi familia yetu inavyosafirisha watu kwa mdomo, na sikuweza kumlaumu. Sikubishana naye. Nilimpigia mjomba kwa video, akapokea akiwa foleni ya kuingia kwenye ndege, mvi zimejaa, koti mkononi. Mama aliikamata simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akamtazama yeye, akatazama watu waliokuwa nyuma yake, mabegi yao, na mfanyakazi aliyekuwa anasoma majina kwenye kipaza sauti. Alitazama mpaka foleni ikasogea na mjomba akasogea nayo. Kisha akanirudishia simu.

“Toa nyama kwenye friza,” alisema. “Na utandike kile kitanda cha chini.”